UZI: Hedhi ikianza kuyumba kuelekea ukomo. Mwili unabadilika vipi, kipi cha kawaida, kipi cha kukimbilia hospitali

Mkunga_wa_Zamu #1

Wanajamvi habari za jioni. Kila wiki humu linaibuka swali lile lile kwa sura tofauti: mwanamke ana miaka 46, usiku anaamka shuka limelowa jasho, mwezi huu kaingia hedhini mara mbili, mwezi uliofuata hakuona kitu, kapima malaria mara tatu haipo. Majibu anayopewa ni mawili. Moja, "ni umri tu mama, vumilia." Pili, "hiyo UTI sugu, nitafute inbox." Yote mawili yana madhara, kwa hiyo tuliweke sawa jambo hili kwa namba na sababu zake.

Kwanza majina. Ukomo wa hedhi ni siku moja tu: siku inapotimia miezi 12 tangu damu ya mwisho, bila mimba, bila kunyonyesha, bila sindano wala kijiti kinachozuia damu. Unaijua kwa kuhesabu kurudi nyuma. Kinachowasumbua watu ni miaka inayotangulia siku hiyo, yaani kipindi cha mpito. Kwa wastani huchukua kama miaka 4, wengine mwaka mmoja, wengine 8 na zaidi. Wengi hufikia ukomo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya 45 tunasema umekuja mapema. Kabla ya 40 huo si mpito wa kawaida hata kidogo, ni vifuko vya mayai vimeshindwa kazi kabla ya wakati, na mwanamke huyo asiambiwe "ni umri". Umri upi?

Ndani kunatokea nini? Mtoto wa kike anazaliwa na mayai milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4. Akikaribia ukomo yamebaki kama elfu moja, na hayo nayo ni mazito kuitika. Ubongo unaongeza homoni ya FSH ili kuyaamsha, na vifuko vinajibu kwa kuyumba: mwezi huu vinatoa estrojeni (homoni inayojenga ukuta wa kizazi) nyingi kuliko ya binti wa miaka 25, mwezi ujao karibu hakuna.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanadhani estrojeni inashuka polepole kama maji ya tanki. Sivyo. Kinachoanza kupotea ni projesteroni, homoni inayoushikilia ukuta huo, kwa sababu hutengenezwa baada ya yai kupevuka, na mwezi ambao yai halikupevuka haipo. Estrojeni inaendelea kunenepesha ukuta wa kizazi, hakuna wa kuushikilia, mwisho unabomoka ovyo. Ndiyo maana miaka ya mwanzo ya mpito huja na damu nyingi, mabonge na matiti kuuma, na joto la ghafla mwilini na ukavu wa uke hufuata zaidi baadaye, estrojeni nayo ikiishiwa. Mwanamke anayetegemea hedhi ipungue taratibu mpaka ikatike anashangaa inapomiminika.

Utajuaje umeingia? Mzunguko mmoja ukipishana na unaofuata kwa siku 7 au zaidi (mfano siku 26, kisha 35) na jambo hilo likajirudia, mpito umeanza. Ukipitisha siku 60 au zaidi bila damu, uko hatua ya mwisho, umebakiza takriban mwaka 1 hadi 3.

Mengine yaje na maswali.

Binti_Kigamboni #2

Asante dada mkunga. Kuna maabara zinatangaza kifurushi cha "homoni zote". Mama wa miaka 48 mwenye hedhi ya kuyumba apime ili ajue amefikia wapi?

Benchi_la_Maabara #3

Hapana, na nasema hivyo nikiwa upande wa wanaouza vipimo.

Aliyevuka miaka 45, hedhi inayumba na joto lipo, maelezo yake yanatosha. FSH ya leo inaweza kusoma 40, ukipima tena baada ya wiki 5 ikasoma 9, maana kifuko kimeamka tena. Majibu yote mawili ni sahihi na hayakuambii lolote la kufanya. Akiwa anameza vidonge vya uzazi vyenye estrojeni ndiyo kabisa, FSH inashushwa na vidonge.

FSH ina maana kwa aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imekatika miezi kadhaa. Huyo apime, ikizidi 25 irudiwe baada ya wiki 4 hadi 6 kama picha haijakaa sawa, na aonwe na daktari wa wanawake. Wa 40 hadi 45 daktari ndiye anaamua.

Hela ya kifurushi iende hapa:
- Kipimo cha mimba cha mkojo. Ndiyo, hata miaka 48.
- HB, ikiwa damu ni nyingi au anachoka. Chini ya 12 ana upungufu wa damu, chini ya 8 ni mkali.
- TSH, ya tezi ya shingo. Tezi ikizidi kasi huleta joto, jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Ikizembea huleta uchovu, unene, nywele kukatika na damu nyingi ya hedhi. Yaani inaiga mpito pande zote mbili.
- Sukari kabla ya kula. 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari.
- Na presha, ambayo haihitaji hata tone la damu.

Mfamasia_wa_Kona #4

Niongeze la jasho la usiku, maana duka la dawa ndiko wanakoanzia.

Joto la mpito lina tabia yake. Linaanza kifuani au shingoni, linapanda usoni, linakaa dakika 1 hadi 5, moyo unaenda mbio, kisha jasho, kisha baridi. Likiisha limeisha, na ukipima joto la mwili kwa kipimajoto huna homa. Sababu yake iko ubongoni: sehemu inayoongoza joto la mwili ina nafasi ya kuvumilia kupanda na kushuka kidogo bila kuchukua hatua. Estrojeni ikiyumba nafasi hiyo inabanwa, nusu nyuzi tu ikizidi ubongo unaamini unaungua na kufungua mishipa ya ngozi yote.

Malaria ni homa inayosomeka kwenye kipimajoto, mwili kuuma, kutetemeka. Pima, ikiwa haipo usimeze dawa ya malaria "kwa usalama".

Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni au kupungua uzito, huo si umri. Nenda kapime makohozi, TB ipo. Na kama hujapima VVU siku nyingi, pima. Wanawake wa miaka 45 na kuendelea wanasahaulika sana kwenye upimaji, utadhani kirusi kinauliza umri kwanza.

Mzee_wa_Busara #5

Bibi zetu walisema damu isipotoka inabaki mwilini ni uchafu, ndiyo inaleta joto na vichwa kuuma. Ndiyo maana wanawapa dawa ya kusafisha kizazi. Mnasemaje?

Mkunga_wa_Zamu #6

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hakuna damu inayobaki. Damu ya hedhi ni ukuta wa kizazi uliobomoka pamoja na mishipa yake. Mwezi ambao ukuta haukujengwa hakuna cha kubomoka, ni kama kutafuta maganda kwenye shamba lisilopandwa. Kizazi chenyewe hakihitaji kusafishwa.

Hizo dawa za kusafisha ninazigombea kwa sababu moja: zinapotolewa kwa mtu anayetoka damu isiyo ya kawaida, saratani ya shingo ya kizazi inapata miezi 6 ya bure. Za kuweka ukeni zinaunguza, kidonda kikitoka majimaji muuzaji anasema "uchafu unatoka". Pamoja na hizo weka shabu, sabuni ya kufulia, dawa ya meno na kufukiza udi sehemu za siri. Maji safi kwa nje yanatosha.

Mama_wa_Ilala #7

Damu "nyingi" ni kiasi gani? Kila mtu ana kipimo chake.

Mkunga_wa_Zamu #8

Mama, swali zuri kuliko yote hadi hapa. Kipimo cha nyumbani ni hiki:

Pedi kubwa inalowa kabisa kila saa 1, kwa saa 2 au zaidi mfululizo. Mabonge makubwa kama sarafu ya shilingi 500 au kuzidi. Kulazimika kuvaa pedi mbili kwa pamoja au kuamka usiku kubadilisha. Siku za damu kuzidi 7. Kutoka hedhi moja hadi nyingine chini ya siku 21. Lolote kati ya hayo likijirudia, nenda hospitali. Ukiongeza kizunguzungu, kuishiwa pumzi ukipanda ngazi au viganja kuwa vyeupe, nenda leo hii, na usiende peke yako.

Na haya hayahitaji kuwa mengi. Tone tu linatosha kukupeleka: damu kati ya hedhi moja na nyingine, damu baada ya tendo la ndoa, na damu yoyote baada ya kutimiza miezi 12 bila hedhi.

Hospitali watafanya nini: HB, kipimo cha mimba, kukuangalia shingo ya kizazi kwa macho (usikubali kuandikiwa dawa bila kuangaliwa), na ultrasaundi. Uvimbe wa kizazi, fibroidi, ni sababu kubwa kwetu na hupenda kujitokeza miaka hii. Baada ya ukomo nyingi husinyaa, kwa hiyo mwenye miaka 49 na fibroidi isiyomsumbua hana sababu ya kukimbilia kukatwa. Mwenye miaka 45 na zaidi anayetokwa damu ovyo anastahili kuchukuliwa kinyama kidogo cha ukuta wa kizazi kipimwe. Unene, kisukari na presha vinaongeza hatari ya saratani ya ukuta huo, kwa kuwa mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni.

Mfamasia_wa_Kona #9

Dawa za damu nyingi, ukishachunguzwa:

Asidi traneksamiki: vidonge 2 vya mg 500, mara 3 kwa siku, siku za damu nyingi tu, zisizidi 4. Inashikilia damu isitoke ovyo, haigusi homoni. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, au kiharusi, asiiguse.

Ibuprofeni mg 400 mara 3 baada ya chakula, siku hizo hizo, hupunguza damu kiasi na maumivu. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha isiyotulia aiache.

Kitanzi chenye homoni (siyo cha shaba) ndicho kinachofanya kazi vizuri kuliko vidonge vyote. Kinatoa projesteroni bandia palepale kwenye ukuta. Kitanzi cha shaba kinaweza kuongeza damu, kwa hiyo taja jina ukienda kliniki.

Vidonge vya kuongeza damu, FEFO: kimoja kwa siku, tumbo tupu ukiweza, pamoja na juisi ya chungwa au ndimu. Chai ya rangi, kahawa na maziwa vikae mbali, saa 1 kabla na saa 2 baada. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Tumbo likikataa, meza siku moja ruka moja, usiache. Kosa kubwa: HB ikifika 12 mtu anaacha. Ghala la madini chuma bado tupu. Endelea miezi 3 zaidi.

Kwa wanaotumia ARV zenye dolutegravi (kidonge kimoja cha TLD): FEFO na kalsiamu vinaishika dawa tumboni isiingie mwilini. Ama meza vyote pamoja na CHAKULA, ama meza TLD saa 2 kabla au saa 6 baada ya FEFO. Hili halisemwi vya kutosha.

Chuma_cha_Pua #10

Mwanamke wa miaka 47 aliyekaa miezi 5 bila hedhi si anaweza kuacha uzazi wa mpango? Mayai yameisha.

Mkunga_wa_Zamu #11

Mkuu, hapo ndipo wanapotoka akina "kitinda mimba cha bahati mbaya". Yai linaweza kupevuka baada ya miezi 5 ya kimya, na linapevuka KABLA ya hedhi kurudi, kwa hiyo hakuna kengele.

Kanuni: aliye chini ya miaka 50 aendelee na kinga miaka 2 tangu damu ya mwisho. Wa 50 na zaidi, mwaka 1. Akifika 55, aache tu.

Wanaochoma sindano ya miezi 3 au wenye kijiti, kukosa hedhi hakuwaambii chochote, maana njia yenyewe inazuia damu. Sindano inapunguza uimara wa mifupa kidogo, kwa hiyo akifika 50 ahamie njia nyingine. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni mwisho ni 50, na mwenye presha, anayevuta sigara akiwa amezidi 35, au mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli havimfai hata kabla ya hapo. Kondomu hazina umri.

Binti_Kigamboni #12

Na hiyo "UTI sugu" uliyoitaja mwanzo?

Benchi_la_Maabara #13

Nikaribishwe hapa, maana ndiyo kero yangu.

Estrojeni ndiyo inayolisha ngozi ya uke na njia ya mkojo. Ikiwepo, seli za uke huwa na sukari ya akiba, bakteria rafiki wanaila na kutengeneza asidi, uke unakaa kwenye pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi imepungua) ya 3.5 hadi 4.5. Estrojeni ikipungua, ngozi inakuwa nyembamba, bakteria rafiki wanakufa njaa, pH inapanda kupita 5, wadudu wa kutoka njia ya haja kubwa wanapata makazi. Matokeo yake ni ya aina mbili. Wengine wanapata UTI ya kweli mara kwa mara. Wengine hawana mdudu hata mmoja, ila wanaungua wakikojoa, wanawashwa, wanaumia kwenye tendo la ndoa, kwa sababu ngozi imekauka. Wote wawili wanapewa sipro, yaani antibiotiki.

Chembe nyeupe chache kwenye mkojo si UTI, hasa mkojo uliokingwa mwanzo badala ya katikati. Namna ya kukinga: safisha kwa maji, tanua midomo ya uke, mkojo wa kwanza uende chooni, wa katikati uingie kwenye kichupa, ufike maabara ndani ya saa 1 au 2. Ikiwa umeshameza dawa mara 2 ndani ya miezi 6 na tatizo linarudi, dai mkojo uoteshwe maabara ionekane kama kuna mdudu. Usipoota kitu, acha antibiotiki, mtafute anayejua ukavu.

Mfamasia_wa_Kona #14

Na ukavu una dawa. Estrojeni ya kupaka ukeni, krimu au kidonge kidogo: kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki kwa muda mrefu. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, haihitaji projesteroni ya kulinda kizazi. Aliyewahi kuugua saratani ya titi aongee na daktari wake kwanza. Watu huacha wiki ya 3 wakisema haifanyi kazi: ngozi inahitaji wiki 8 hadi 12 kujijenga. Na tofauti na joto, ukavu hauishi wenyewe, ukiacha dawa unarudi.

Kwa tendo la ndoa tumieni kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi ni laini lakini yanapasua kondomu za mpira, vaselini vilevile.

Bibi_Harusi_2 #15

Mkojo kuvuja ukicheka au ukipiga chafya je? Wanawake wanaona aibu kusema hata hapa.

Misuli_na_Viungo #16

Nijibu mimi, ni kazi ya mazoezi-tiba. Misuli ya sakafu ya nyonga inalegea kwa uzazi na kwa kupungua estrojeni. Fanya hivi: lala chali magoti yamekunjwa, kaza kama unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, vuta kwenda ndani na JUU. Shikilia hadi sekunde 8, achia kabisa sekunde 8. Mara 8 hadi 10, hiyo ni seti moja. Seti 3 kwa siku, miezi 3 kabla ya kusema imeshindikana. Wiki za mwanzo sekunde 3 zinatosha.

Makosa ninayokutana nayo: kubana pumzi, kukaza makalio na mapaja badala ya misuli ya ndani, kusukuma chini badala ya kuvuta juu (hiyo inazidisha tatizo), na kufanya zoezi kwa kukatisha mkojo kila unapokojoa. Kukatisha mkojo jaribu mara moja tu uijue misuli ilipo, usigeuze mazoea, kibofu kitabaki na mabaki. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, kizazi kinaweza kuwa kimetelemka, nenda ukaangaliwe.

Bega. Bega linalokakamaa mpaka mtu hawezi kufunga sidiria au kupanga vyombo kabati la juu huwapata sana wanawake wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari zaidi. Linauma miezi, linakaza miezi, linaachia miezi. Dawa mbaya kuliko zote ni kulifunga usilitumie, na ya pili ni "kukandwa" kwa nguvu na mtu anayelivuta.

Mifupa. Kasi ya kupungua inaongezeka kuanzia kama mwaka 1 kabla ya hedhi ya mwisho na kuendelea miaka 2 baada yake; uti wa mgongo unaweza kupoteza karibu asilimia 2 kwa mwaka. Huumwi popote mpaka uvunjike mkono kwa kuteleza bafuni. Mfupa unajengwa na mzigo: kutembea haraka dakika 30 siku 5 kwa wiki, na siku 2 za nguvu. Huhitaji jimu. Kiti: kaa simama bila kushika, mara 10, seti 3. Ukuta: sukuma mwili mara 10, seti 3. Chupa mbili za lita 1.5 zilizojaa maji ni uzito wa kilo 1.5 kila mkono. Kufua na kudeki ni kazi lakini mzigo wake haupandi, mwili umeshauzoea.

Kalsiamu ni mg 1,000 kwa siku, mg 1,200 ukivuka 50. Kikombe cha maziwa cha ml 250 kina kama mg 300, mtindi vilevile. Dagaa waliwe na mifupa yao, ukiwatoa vichwa na miba umetupa ulichokinunua. Ufuta usiokobolewa una nyingi pia. Mchicha unayo, lakini sehemu kubwa inashikwa na oksaleti haiingii mwilini, usiutegemee peke yake.

Mama_wa_Ilala #17

Turudi kwenye joto. Dar hii ya mwezi wa pili, feni haitoshi. Na hilo joto linadumu muda gani?

Mfamasia_wa_Kona #18

Muda: utafiti wa SWAN wa Marekani, uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, uliona nusu ya wenye joto la mara kwa mara walikaa nalo zaidi ya miaka 7, na kwa wanawake weusi zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo "vumilia litapita" ni ushauri wa kumtupa mtu muongo mzima.

Ya nyumbani: dera na chupi za pamba, siyo poliesta. Chini ya baibui vaa singlendi nyepesi ya pamba. Kitandani tandika kanga juu ya shuka, weka ya pili pembeni, ukilowa unabadilisha kanga tu, huwashi taa wala kuamsha nyumba. Maji baridi kwenye viganja na kisogoni linapoanza kupanda. Chai ya moto sana, pilipili na pombe huwachochea baadhi, wengine hata kidogo, kwa hiyo usijinyime kabla daftari lako la kuandika dalili za kila siku halijakuonyesha.

Ya hospitali: tiba ya homoni ndiyo inayoshinda zote. Mwenye kizazi LAZIMA apewe estrojeni pamoja na projesteroni. Estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Aliyetolewa kizazi anatumia estrojeni tu. Aliye bado na hedhi za kuyumba kwa kawaida hupewa estrojeni kila siku na projesteroni mg 200 usiku, siku 12 hadi 14 za kila mwezi, ndipo damu inatoka kwa ratiba.

Hofu ya saratani ya titi ilienea mwaka 2002 baada ya utafiti mmoja mkubwa wa Marekani. Wahusika walikuwa na wastani wa miaka 63, waliotumia homoni mbili walionyesha ongezeko la wagonjwa kama 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Hatari ipo na inakua na miaka ya matumizi, lakini mwanamke wa miaka 50 mwenye dalili kali siye wa miaka 63. Kwa aliye chini ya 60, au ndani ya miaka 10 ya hedhi ya mwisho, na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida inazidi. Vizuizi: saratani ya titi, damu isiyojulikana chanzo, damu iliyowahi kuganda, kiharusi au shambulio la moyo, ini bovu. Ya kubandika kwenye ngozi haiongezi hatari ya damu kuganda kama ya kumeza. Dawa ya TB ya rifampisini na baadhi za kifafa zinaimaliza nguvu estrojeni ya kumeza, kwa hiyo taja dawa zako zote.

Asiyeweza homoni: venlafaksini mg 37.5 kupanda 75, au gabapentini mg 300 usiku kwa anayeteswa zaidi na jasho la kitandani. Zote kwa cheti, na zote haziachwi ghafla.

Upatikanaji tuseme ukweli: homoni hizi hazipo kwenye kila duka la dawa. Uliza maduka makubwa ya mijini kabla hujatembea na cheti, na usikubali kubadilishiwa na vidonge vya uzazi wa mpango bila daktari kujua.

Chuma_cha_Pua #19

Kwa hiyo hasira na kusahau sahau navyo ni homoni, siyo kiburi?

Mkunga_wa_Zamu #20

Mtu anayeamshwa na jasho mara 4 usiku kwa miezi, mkuu, hata wewe ungesahau funguo. Tibu usingizi kwanza, mengi yanarudi. Lakini huzuni inayokaa wiki 2 mfululizo, kutopenda chochote, au mawazo ya kujidhuru ni sonona, ina matibabu yake, asipelekwe kwa mganga wa pepo.

Mengine ni ya kweli ila sitayarefusha: macho na mdomo kukauka, ngozi kuwasha kama wadudu wanatembea, nywele kupungua utosini. Kitambi kinakuja hata kama chakula hakijabadilika, kwa sababu mafuta yanahama kutoka mapajani kwenda tumboni. Pima kiuno: kuzidi sm 80, anza kufuatilia presha, sukari na mafuta ya damu kila mwaka, maana lehemu mbaya hupanda miaka hii hii. Presha ya 140/90 na zaidi kwa siku tofauti ni ya kutibiwa, siyo "joto la ukomo".

Na jambo moja la haraka kwa aliye kati ya 45 na 50 ambaye hajawahi kupima shingo ya kizazi: nenda sasa. Kipimo cha siki (shingo inapakwa siki na kuangaliwa kwa macho) kinategemea kuona eneo ambalo saratani huanzia. Baada ya ukomo eneo hilo linavutika ndani ya mfereji wa shingo, mpimaji halioni, na jibu la "hakuna kitu" halina uzito. Kipimo hicho kipo vituo vingi vya serikali, kitengo cha mama na mtoto. Ukishachelewa, omba cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo. Anayeishi na VVU anaanza akiwa na miaka 25, na kwa ratiba ya karibu zaidi.

Mama_wa_Ilala #21

Aliyemaliza miezi 14 bila hedhi, akaona damu siku mbili kidogo tu, imekata yenyewe. Asubiri?

Mkunga_wa_Zamu #22

Asisubiri, hata ikiwa imekata. Mara nyingi huwa ni ngozi ya ndani iliyokonda, lakini hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya ukuta wa kizazi, na ikishikwa hapo inatibika vizuri. Ndani ya wiki 2 awe ameonwa. Aombe ultrasaundi ya kupitia ukeni: ukuta wa milimita 4 au chini unatuliza, ukizidi unachukuliwa kinyama. Damu ikirudi tena hata kama ukuta ulikuwa mwembamba, kinyama kichukuliwe tu.

Binti_Kigamboni #23

Dada mkunga, hilo daftari liandikweje? Wengine hawapendi watoto wasome.

Mkunga_wa_Zamu #24

Tumia kalenda ya ukutani na herufi. D ni damu, namba yake ni pedi za siku hiyo. B ni bonge. J ni joto la mchana, U la usiku. T ni tone nje ya hedhi. Siku isiyo na kitu iache wazi, usikisie kesho yake.

Mfano: "D6 B2 U3" maana yake pedi 6, mabonge 2, jasho la usiku mara 3. Miezi 3 ikijaa, ipige picha kwa simu uende nayo kliniki. Daktari anasoma kwa dakika moja, na swali la "hedhi yako ya mwisho lini?" hutalijibu kwa kukuna kichwa.

Mzee_wa_Busara #25

Herufi T nimeielewa. Namchukulia mama watoto kalenda kesho.

Mkunga_wa_Zamu #26

Hongera ya mapema mzee. Chukua ile yenye nafasi kubwa za kuandikia, za benki zina picha tupu.